Rupia Yenye Tundu

Sonara Jivraj, nyuma ya soko la Tabora,
anaidondosha juu ya kioo cha meza na kutega sikio.
Inalia kwa muda mrefu,
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.
"Fedha," anasema. "Hii ni fedha kweli."

Anasema fedha kwa maana yake ya kwanza,
ile iliyotutoka tulipoanza kuita fedha hata karatasi.

Anaipima. Gramu kumi na moja, na chembe.
Ilizaliwa na zaidi. Iliyopungua imeliwa na vidole,
na jasho la shingo,
na hili tundu juu ya kofia ya tai.
"Tundu linaharibu bei. Na uso umelika,
wakusanyaji hawataigusa.
Nitalipa uzito tu. Elfu ishirini na mbili."

Ngoja, Jivraj, nikusomee hilo tundu.

Msonga wa Sikonge, babu yake mama,
alipewa rupia hii na nyingine nane
kwa miezi mitatu ya kubeba mataruma ya reli.
Vita vilipofika alizifukia chini ya mafiga.
Shilingi ilipokuja, tangazo lilisomwa mjini,
yeye yuko porini anarina asali,
na mwaka ule mizinga ilijaa.
Alifika dirishani akinuka moshi na nta.
Siku ya mwisho ya kubadilisha ilikuwa Jumanne.
Ile ilikuwa Ijumaa.
Karani akazisukuma kwa ncha ya kalamu:
"Hizi si hela tena."

Hela! Jina la shaba za Mjerumani yule yule.
Zenyewe zimekwisha, jina bado tunakopeshana.

Nane zilikwenda kwa mfua bangili, kwa uzito,
kama unavyotaka wewe.
Ya tisa aliilaza juu ya kipande cha reli,
akaipiga msumari, akaitia uzi,
akamvika binti yake Kalunde, aliyekuwa anaota meno.
Bibi yangu huyo akamtafuna bwana mkubwa
mpaka sharubu za kushoto zikaisha.
Ndiyo hadithi ya nyumbani kwetu,
na ndio huo uso wako uliolika.

Jivraj anavua miwani, anaifuta kwa kanzu.
"Kwa hiyo, unauza?"

Mfukoni nina karatasi ya ada,
elfu arobaini, muhuri wa shule bado unachafua vidole.

"Ipime tena," namwambia.

Anaipima.
Uzito ni ule ule.