L mpaka M

Nyumba yetu, ghorofa ya nne, Bonfim, jijini Porto,
ilikuwa na vyumba vitatu, jiko la gesi, watu wanne
na choo kimoja.
Na humo chooni, kila alfajiri, alikuwemo baba,
komeo limeingia mpaka mwisho.

Alikuwa kondakta wa tramu. Siku nzima watu walimsemesha:
chenji yangu, mbona umechelewa, mbona hukusimama.
Mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemnyooshea sarafu
palikuwa pale, kati ya beseni na kapu la nguo chafu,
suruali imemshuka vifundoni
na mapajani juzuu moja ya ensaiklopidia.

Moja tu. L mpaka M.
Aliinunua kwenye soko la mitumba la Jumamosi
kwa bei ya samaki watatu wa kukaanga.
Zile nyingine kumi na tisa, muuzaji alisema,
ziliungua, au zilirithiwa, hakumbuki.

Hivyo baba akawa bingwa wa kipande cha dunia.
Mwulize lava, limau, Lithuania. Mwulize Madagaska,
marumaru na machimbo yake,
muziki, mauti: kwa lugha yetu vyote vinakaa M.
Mwulize tembo, atakuambia,
"Nasikia ni mkubwa."

Mama, Deolinda, alibisha kwa mwiko.
"Anselmo! Unazaa humo ndani?"
"Niko Malta," akajibu. "Nakaribia kutoka."
Kutoka Malta kwenda Mongolia ni mwendo wa asubuhi nzima,
na kaka yangu Delfim alijifunza dansi ukumbini
bila muziki, magoti yamebanana.
Mimi nilishuka ghorofa mbili kwa Bi Eulália,
aliyetukopesha choo kama wengine wanavyokopesha chumvi.
Kwake hakukuwa na hata kijikaratasi cha kusoma.
Nikasoma chupa ya shampuu. Mbele, nyuma, na chini.
Mpaka leo nakutajia viungo vyake bila kukosea,
na hapo ndipo nilipomwelewa baba:
mtu hasomi chooni ili aelimike.
Anasoma ili mlango uwe na sababu ya kufungwa.

Mwaka aliostaafu, moyo ukamgomea, humohumo.
Delfim akavunja komeo kwa bega.
Kitabu kilikuwa kimeanguka kifudifudi, kwenye mwezi.
Hospitalini daktari kijana alimchorea moyo juu ya bahasha,
mishipa kwa kalamu nyekundu,
na baba akaitikia kwa kichwa
kama mwanafunzi aliyekosa kipindi.
Moyo, kwetu, huanza na C.

Basi mama, yeye aliyebisha miaka thelathini na mmoja,
akavaa koti, akaenda sokoni Jumamosi nne mfululizo.
Ya nne akarudi na juzuu iliyovimba maji, haina jalada,
ameibana kwapani kama kuku.
Tukaipekua mezani sote, vichwa vinagongana.
Kitunguu kipo. Chai ipo. Ufunguo, mvua,
vyote vya C, vyote vipo.
Ikaishia kwenye sinema.
Moyo ulikuwa juzuu inayofuata.

Hakuna aliyesema kitu.
Kisha baba akacheka, kile kicheko chake cha puani,
"Chai inanitosha kwa sasa,"
akatafuta miwani, akaingia nayo msalani.

Komeo hatukulirudisha. Daktari alikataza.
Mlango unaegeshwa tu, na upepo wa mtoni huusogeza
kiasi cha kuona kisigino kimoja na pembe ya ukurasa.

Jana asubuhi nilimkuta mama ukumbini na mwiko wake,
mkono umeinuliwa. Habishi.
"Amefika wapi?" nikanong'ona.
Akachungulia.
"Mvua. Bado kurasa mbili,"
akajifunga kanga ya bafuni vizuri,
akashuka kukojoa kwa Bi Eulália.