Chumvi Mahakamani

Benchi la nyuma, upande wa mdaiwa.
Feni inazunguka kama kibarua aliyecheleweshewa ujira.
Nina hisa mia nne katika kampuni hii:
ndizo duka langu la leso, Barabara ya Biashara,
rafu, kaunta, hata deni la Bwana Jiwanji,
vyote vimegeuka karatasi moja yenye muhuri.

Kesi yenyewe ni ya ulimi.
Ulimi wa shaba, mdogo kuliko ukucha;
ukiuchovya kwenye boza la maji
unasema: haya ya kisima, Kisauni, yana chumvi;
haya ya Mzima, matamu, uza.
Nani aliubuni kwanza?
Swali lina miezi kumi na minne sasa.

Wakili wetu hutamka "hataza"
kama mtu anayetaja mahari.
Dai la tatu. Dai la saba, kifungu kidogo cha pili.
Nami nahesabu
kila ukurasa anaofunua umenila shilingi ngapi.

Kisha akaitwa shahidi wao,
Mwanamvua Chigulu, fundi wa mita, Mtongwe.
Akatoa daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Ndani, ulimi. Kwa penseli.
Tarehe yake imeitangulia yetu kwa miaka miwili,
na pembeni, mwandiko umelala:
*nyanya huchovya kidole, hulamba, ndipo huteka.*

Shekuwe, mkurugenzi wetu, akatazama viatu vyake.
Mimi nilimwona.
Jaji alikuwa akiandika.

Hapo nikajua kweli imekaa wapi,
na nikaomba ishindwe.
Naam, niliomba, midomo ikicheza,
kwa maneno yaleyale niliyomwombea mama
usiku ule wa Makadara, wodi ya nne.

Shauri likaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Nje, jua la saa saba, kivuli ni cha ukuta tu;
tukajikuta tumesimama bega kwa bega, mimi na Mwanamvua,
kila mtu na chupa yake ya maji.
"Nawe una kesi gani, baba?"
"Ya shamba," nikasema. "Urithi. Ndugu hawaelewani."
"Pole," akasema, na alimaanisha.

Jioni mchota maji akamimina mitungi sita jikoni,
akaapa ni ya Mzima.
Nikachovya kidole. Nikalamba.
Nikamlipa bei ya maji matamu.