Fukia, Fukua

Pikipiki ya theluji niliinunua kwa Odell wa kiwanda cha mbao,
kuukuu, kiti kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
"Hii haipendi asubuhi," aliniambia.
Hakunidanganya.

Saa kumi na moja alfajiri, mwisho wa barabara ya lami,
nimevuta kamba ya kuwashia mpaka bega linalia,
na Darlene Kalmakoff amekaa nyuma ya pikapu yake
anakunywa supu ya kabichi kutoka chupa ya chai.
Hanisaidii.
"Plagi," akasema hatimaye. "Umeilowesha."
Nikafungua, nikapangusa, nikafunga.
Ikakohoa. Ikawaka. Moshi wa buluu
ukaingia katikati ya mierezi bila hodi.

"Mkanda wa akiba?"
Ninao.
"Mafuta?"
Tanki zima.
"Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi.
Ya tatu si yako."
Ya nani?
"Ya aliyekwama."
Theluthi, theluji: nilizirudia ndani ya helmeti,
sauti moja tu kuzitenga, safari nzima kuzifunga.

Skii tulizilaza ubavuni mwa mashine, tukakaza kamba.
Kilomita ya nne niliacha njia iliyoshindiliwa.
Usiniulize sababu. Pembeni palikuwa peupe,
hapajakanyagwa hata na sungura,
nami mkono wangu wa kulia ulikuwa na akili zake.
Mashine ikainua pua, ikazama kwa makalio,
kilo mia mbili na nusu za chuma na aibu.

Darlene alizima injini yake. Akanirushia koleo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mlima huu una sarufi:
ziba, zibua. Kwama, kwamua.
Silabi ya mwisho ndiyo yenye jasho.
Dakika arobaini nilikuwa ndani ya silabi hiyo,
shati limelowa, ndevu zimeganda,
na yeye anaeleza, kwa upole wa fundi,
kwamba wanaoanza huja kuteleza
na hupewa kuchimba.

Juu, msitu ulipoisha, aliniambia nigeuke.
Nikasikia hatua zake zikienda, zikirudi.
Alikuwa amefukia begi lenye redio ndogo ya kifuani,
ile inayolia *niko hapa, niko hapa*
kwa atakayejua kusikiliza.
"Lipe jina," akasema. "Utakimbia zaidi."
Nikaliita Odell. Akacheka.
Nililipata kwa dakika saba,
Odell akiwa marehemu tayari.
Mara ya pili nilitumia jina la mwanangu,
sikulitamka.
Dakika nne. Mikono ilitetemeka mpaka adhuhuri.
Kisha zamu yake. Nilifukia mimi, kina cha kiuno.
Hakuniambia jina.
Mishale kwenye kioo, ufito, koleo:
dakika moja na sekunde hamsini,
na akabaki amepiga magoti
hata baada ya begi kutoka.

Mteremko mkubwa, ule wa picha, ule niliouotea tangu Oktoba,
aliutazama kama mtu anavyotazama nyama ya jana.
Upepo ulikuwa umerundika theluji begani mwake.
"Leo hapana." Basi.
Tukabandika ngozi chini ya skii, tukapanda kilima kidogo nyuma yake
kisicho na jina kwenye ramani yoyote.
Bila injini, kimya kilinibana masikio.
Nilisikia koo langu likimeza.

Kona kumi na moja.
Ya tisa nilianguka, mdomo wote theluji,
nikacheka ndani ya baridi ile
kama mtoto aliyepewa uji usio na sukari
akaupenda.

Jioni, kwenye daraja, vijana wawili na mashine moja,
mkanda umekatika, simu zimekufa.
Darlene hakusema neno. Alinitazama tu.
Nikafungua sanduku langu.
Mkanda wangu mpya. Na lita tano.

Kuwasha tena, bila shaka, ikakataa.
Wakasukuma wote watatu.