Sampuli 117

Fomu ya ridhaa ina kurasa nne.
Bi Sikudhani Mwinjuma, wa Buguruni kwa Mnyamani,
aliomba asomewe zote, pamoja na tarehe,
kisha akauliza swali ambalo fomu haikulitarajia:
"Mkimaliza kuutazama, mtanirudishia?"

Nikasema nitauliza.
Fundi wa maabara hana kauli, ana glavu tu.

Mfupa ulifika Alhamisi, umeviringishwa shashi
iliyoloweshwa maji ya chumvi:
kichwa cha paja, kikubwa kuliko limau,
kidogo kuliko chungwa la Muheza.
Nikaandika 117 kwa wino usiofutika,
nikakisogeza chini ya taa.

Gegedu zima huwa kama nyama ya dafu,
jeupe, laini, kidole kinateleza.
Lake lilikuwa limekunwa.
Chini ya hadubini nyuzi zilisimama ovyo kama machicha,
na nikakumbuka alichonieleza kwenye benchi la nje:
miaka thelathini na minane juu ya mbuzi,
nazi kumi na mbili kila alfajiri, za vitumbua,
mguu huku, mguu huku, mgongo umeinama.
Nani alimkuna mwenzake, sijui.

Daktari Nkwabi hapendi niseme hivyo.
Sampuli moja si ushahidi, anasema,
hata mia na kumi na saba bado,
tungoje zifike mia tatu.

Msumeno wetu hukata huku ukidondoshewa maji
ili mfupa usiungue.
Ndani, mfupa ni dodoki.
La kijana limeshikana, mwanga hupenya kwa taabu.
Hili la Buguruni ningeliweka juu ya gazeti
na kusoma matokeo ya mpira.

Saa tano umeme ukakatika.
Yusta akalalia mlango wa friza kwa kifua
mpaka jenereta lilipomaliza kukohoa.

Halafu ile kazi ninayomficha mama yangu:
tunavunja.
Kipande kidogo kama kete ya bao
kati ya sahani mbili za chuma,
na mstari kwenye skrini unapanda,
unapanda,
unasita kidogo kama mtu aliyekanyaga povu,
kisha chini.
Tunavunja mfupa uliokwisha kuvunjika
ili tujue wa jirani utavunjika lini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Bi Sikudhani alisikia:
la mume, la wifi, la nesi wa zahanati,
la mwenye nyumba aliyesema sakafu ya bafu
ataikwangua ule utelezi baada ya masika.
Masika yakaisha. Vuli ikaja.
Guu likavunjika hivyo hivyo,
na ndoo ya maji ikabaki imesimama wima, haikumwagika.
Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Ripoti yetu itakuwa na majedwali sita.
Umri, uzito, unene wa gegedu, wingi wa madini,
nguvu ya kuvunja, na idadi ya watoto waliozaliwa.
Jedwali la mwenye nyumba halimo.
Nimeuliza. Nimeambiwa halipimiki.

Kamati ya maadili ilichukua miezi mitano kumjibu:
ndiyo, kile kitakachobaki.
Nikampelekea kwenye kikopo chenye plasta.
Alikuja mlangoni na fremu yake ya chuma,
hatua, kituo, hatua,
akataka kwanza kujua mashine ilisemaje.
Nikamtajia namba.
Akatikisa kichwa taratibu
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na ameamua kuiacha.

Kisha akafungua, akakiweka kiganjani,
akakipima juu na chini.
"Kilivyokuwa kinaniuma usiku," akasema,
"nilijua nimebeba jiwe la kusagia.
Kumbe chepesi hivi.
Sikudhani."

Ilinichukua muda kutambua
kwamba hakuwa akitaja jina lake.