Namba Ndogo

Yalitoka saa nane mchana, umeme ukiwa umekatika.
Nikavuta kamba ya jenereta; ikakohoa, ikakubali,
na mlango wa steshenari yangu hapa Kirumba,
mkabala na magunia ya dagaa,
ukajaa mabega.

Mtandao ukazunguka, ukazunguka,
kama mtu aliyesahau ufunguo alikouweka.
"Dada Nshoma, anza na yangu!"
Kila mmoja na namba yake kiganjani, kwa wino wa kalamu:
ya shule, kisha mkwaju, kisha ya mtu.
Mkwaju. Hata kistari hicho tumekipa jina la fimbo.

Mimi huona kabla yao.
Wanalijua hilo, ndiyo maana hawatazami kioo,
wananitazama nyusi.
Miaka sita nimejifunza kuwa na uso wa ukuta.

Lufungulo: divisheni wani, pointi saba.
Wenzake wakampiga mgongoni hadi akapiga chafya.
Akauliza, "Kemia?"
Nikasema, "C."
"C," akarudia, polepole,
kama anayeonja dawa kabla ya kumpa mtoto.
Tangu darasa la tatu anaitazama Bugando pale kilimani,
anahesabu madirisha ya wodi, anachagua lake.
Akanilipa mia tano, hakungoja chenji.

Misoji, ambaye jina lake kwa Kisukuma ni machozi,
alipata tatu, pointi kumi na tano,
akacheka mpaka akashika meza.
"Sifuri nilikuwa nimeshaipokea, dada!
Nimeshaipangia na chumba!"
Akanunua soda moja, akaomba vikombe vitatu.

Kulikuwa na mwingine, wa kofia ya bluu.
Alisogea, akarudi nyuma, akawapisha wengine,
akawapisha hata waliokuja kutoa kopi ya kitambulisho.
Mara ya mwisho nilipoinua macho
mlango ulikuwa na mwanga tu,
na juu ya kaunta kikaratasi, kimekunjwa mara nne.

Jua lilipolegea akaingia mama Kwandu,
magamba ya dagaa yanametameta mikononi hadi kwenye viwiko.
Hakukaa.
"Kwandu kanipigia kutoka shule, analia.
Ati kapata moja.
Moja, Nshoma! Miaka miwili ya ada,
godoro, ndoo, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi,
halafu wanampa moja?"
Akafungua fundo la kanga.
"Nina laki na ishirini hapa. Waulize kama inaongezeka."

Uso wangu wa ukuta ukaanguka tofali moja moja.
Nikamwambia: mayu, mizani yao wameigeuza.
Kwako wewe ndoo ikijaa ndiyo heri.
Kwao aliyebeba namba ndogo ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.
Tena Kwandu ana pointi tatu. Chini ya hapo hakuna.

Akanitazama, anatafuta mzaha usoni mwangu.
Hakuuona.
Akakaa juu ya boksi la karatasi,
akalibonyeza, likapasuka pembeni,
wala sikusema kitu.
"Kwa hiyo alikuwa analia vizuri," akasema.
"Na mimi nimemwambia pole."

Kisha: "Niandikie. Kubwa."
Nikatoa tarakimu moja, karatasi nzima,
nyeusi, wino ukameza nusu ya katriji.
Akaibandika kwenye nguzo juu ya meza yake,
akaikaza kwa kibanio cha nguo.
Hadi jioni wateja wanauliza,
"Moja nini, mama? Elfu moja kopo?"
"Elfu mbili," anawajibu. "Hiyo nyingine ni ya nyumbani."

Nimefunga. Jenereta imenyamaza, masikio bado yananguruma.
Ziwa linalamba mawe nyuma ya mwalo, halina habari.
Kikaratasi cha mwenye kofia nimekiweka chini ya kibodi.
Sijakifungua.
Kesho nafungua saa moja, kabla foleni haijaanza,
na wino uliobaki
unatosha ukurasa mmoja, au miwili.