Bustani Isiyomwagiliwa

Wanaiita bustani. Mama kacheka tangu garini:
"Bustani gani isiyokuwa hata na mchicha?"
Duqm, Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
jua bado halijapata kauli,
upepo unatusukuma kisogoni
kama mtu anayetuwahisha dukani.

Uzio wa waya. Kibao cha maandishi yaliyopauka:
mamilioni ya miaka, maji, chumvi, upepo.
Azzan, mtoto wa kaka, anakisoma kwa Kiarabu,
ananieleza kwa Kiingereza;
Kiswahili chake kinaishia kwenye "njoo" na "kula".

Njia si njia: kokoto, mchanga uliokaza,
nyayo za mbweha, kizibo cha soda,
mwendo wa nusu saa kwa mwenye magoti mawili.
Mama ana goti moja na nusu.
Kavaa raba za kaka, namba arobaini na tatu,
kamba kazizungusha mpaka kifundoni.

Akaanza kuyapa majina.
Lile, kinu. Lile, mchi, nani kauacha nje ulale?
Lile lenye matundu elfu ni chila,
tena limeiva upande mmoja, mpishi kazembea.
Lile la kichwa kikubwa juu ya mguu mwembamba
ni jirani yetu wa zamani,
"nisisengenye, Ijumaa hii,"
akasengenya hatua ishirini.

"Na hilo, bibi?"
"Mbuzi."
Azzan akalizunguka jiwe, akatafuta pembe,
akatafuta mkia.
Mama akalikalia kiupande, mguu mmoja mbele,
akashika hewa kama nusu ya nazi,
akakuna, akakuna,
na nikauona, wallahi, ule weupe ukidondoka
juu ya mchanga usiowahi kuonja tui.
Mtoto akacheka. Kucheka hakuna lugha.
Nikapiga picha;
ikatoka mwanamke kakaa juu ya jiwe.

Kisha tukapinda nyuma ya chila,
na pale, peke yake, katupa mgongo,
kuna jiwe lisilongoja kupewa jina.
Mabega. Shingo imeinama kidogo kushoto
kama anayesikiliza redio iliyopunguzwa sauti.
Hata Azzan alinyamaza.

Baba alikaa hivyo, Ruwi, ghorofa ya pili,
miaka kumi na tisa tangu ateremke uwanja wa ndege,
kila alasiri kauelekea ukuta wa jirani
kana kwamba una dirisha
na dirishani kuna mtaa anaoujua.
Tulipita nyuma ya kiti chake kwa vidole,
sisi watoto, tukidhani amelala.

"Na lile, Mama?"
Alikuwa ameinama, anafunga kamba za raba
ambazo hazikufunguka.
"Lile jiwe," akasema. "Jiwe tu.
Twendeni, chai itapoa."

Chai ilikuwa kwenye chupa, garini,
kifuniko kimekazwa na mkono wake mwenyewe.
Akatangulia, goti moja na nusu,
akaupita mkono wangu niliomnyoshea.