Usikimbie

Mimi ni fundi wa mabomba, Fort Portal.
Nimefungua ya zamani, ya chuma, yaliyolazwa kabla sijazaliwa,
nikayakuta ndani yameota ukoko mweupe:
palipopita ngumi hapapiti kidole.
Basi daktari aliposema "mshipa"
nilidhani nimemwelewa.

Kengonzi alizaliwa mshipa mkuu umebanwa
mahali pamoja tu,
kama mtu alikaza kamba kisha akaisahau.
Mkono ulipiga, mguu ulinyamaza.
Akiwa na miezi saba walimfungua, Mulago,
wakakata pale pembamba, wakaunga.
Kazi safi. Niliuza pikipiki, nikalipa,
nikasema: limekwisha.

Sasa ana miaka kumi na mmoja.
Dada wa kipimo alimpaka ute baridi shingoni,
na kwenye kioo ukatokea ukuta wa mshipa,
mstari wa kijivu, mweusi, wa kijivu.
Akapima. Akapima tena.
"Mnene kidogo," alisema, "kuliko wa umri wake."
Kidogo.
Nililibeba neno hilo kwenye basi,
Mityana, Mubende, Kyenjojo,
likiongezeka uzito kila kituo.

Kumbe kuunga si kumaliza.
Kumbe mtoto wa moyo wenye kasoro
mishipa yake yaweza kuzeeka mbele yake,
presha ikisukuma ukuta usiku na mchana,
mafuta yakitafuta pa kukaa
ndani ya mtu ambaye bado ana jino la utotoni.

Mama yake ni wa Katwe.
Kwao wana madimbwi ya chumvi ziwani;
chumvi ilimsomesha,
chumvi ilinunua sindano za wiki ile ya kwanza.
Leo anaipima kwa ncha ya kijiko
na anakula kimya,
kama aliyemtukana bibi yake.

Mimi nimeacha sigara.
Sikuambiwa na mtu. Kengonzi aliviokota vipisi vyangu
nyuma ya tangi la maji,
akavipanga dirishani, kumi na tisa,
akaenda kulala.

Lakini kilichonichoma hakikuwa hicho.
Daktari aliuliza: "Anacheza?"
Nikajibu kwa fahari: hapana, hatujamruhusu hata siku moja.
Shule niliiandikia barua.
Wenzake wakiruka kamba, yeye ndiye huishika ncha.
Usikimbie, Abwooli. Kaa hapa, Abwooli.
Miaka yote hiyo.

Daktari akaweka kalamu mezani.
"Moyo wake tumeupima. Unaweza.
Kukaa ndiko kutakakomdhuru."
Nami nikatazama viganja vyangu,
viganja vinavyojua tangu ujana
kutu hupenda bomba gani:
lile ambalo maji yamelala.

Jumamosi tulipanda njia ya Boma, asubuhi,
Rwenzori imejifunika kama kawaida yake.
Nikataka kusema "kimbia".
Neno lilikwama. Nikalisema.
Alinitazama kana kwamba nimesema kigeni.
Akatembea. Akageuka, akisubiri nimkataze.
Akageuka mara ya pili.
Kisha viatu vikaanza kupiga lami,
nguzo ya kwanza ya umeme,
ya pili,

na mimi huku chini, vidole shingoni mwangu,
nahesabu, nahesabu,
sijui ni mapigo ya nani.